Kukokota Mshipi au Kuuchezesha? Namna Mbili za Kuvua Trauti katika Bwawa Kubwa

Nilipozuru shule muhula uliopita, vijana wawili wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali juu ya uvuvi wa trauti huko Marekani, nilikokaa miaka kadha nikisoma. Mmoja alikuwa amesikia ya kwamba wavuvi wa huko hukokota mishipi nyuma ya mashua, na mwenziwe alikuwa amesikia ya kwamba husimamisha mashua na kuteremsha chambo chini moja kwa moja. Wakabishana, kila mtu akitaka nimwambie kuwa njia yake ndiyo bora. Kengele ikalia kabla sijawajibu. Basi jibu langu ni hili, na nimeliandika hapa ili wengine nao wafaidike.

Wengi wenu mwamjua trauti kuwa samaki wa mito ya milimani. Aliletwa Kenya mwaka 1905, na tangu hapo amezoea vijito baridi vya Aberdare na Mlima Kenya. Kumvua huko si jambo la kufumba. Mvuvi husimama ukingoni, hutazama jiwe, povu na kivuli, kisha hutupa chambo mahali ambapo maji yanapunguza mbio. Mto wenyewe humwonyesha samaki alipo. Lakini mtie samaki huyo katika bwawa lenye urefu wa maili 91 na kina cha mamia ya futi, nawe utaona ya kuwa mambo yamebadilika. Maji yote yafanana. Hakuna jiwe wala povu. Hapo ndipo njia zile mbili zinapoanza kuwa na maana.

MAHALI PENYEWE

Bwawa ninalolijua mimi ni la Flaming Gorge, katika mto uitwao Green River, mpakani mwa dola mbili za Marekani, yaani Utah na Wyoming. Jina hilo alilitoa mvumbuzi John Wesley Powell mwaka 1869, alipoteremka mto huo kwa mashua, akaona jua likiwaka juu ya majabali mekundu ya bonde lile. Ukuta wa saruji uliozuia mto ulianza kujengwa mwaka 1958 ukakamilika mwaka 1964. Kimo chake ni futi 502. Maji yalipojaa yalirudi nyuma maili 91, yakafunika bonde zima.

Bwawa hilo liko juu sana, kama futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana maji yake ni baridi. Upande wa kusini, karibu na ukuta, maji yamebanwa kati ya magenge marefu, na kina chake hupita futi 400. Upande wa kaskazini nchi ni wazi, vilima vyake ni vikavu, na maji si ya kina kirefu sana. Wakati wa baridi sehemu hiyo ya kaskazini aghalabu huganda ikawa barafu, watu wakatembea juu yake.

Samaki watatu ndio wanaotafutwa zaidi. Wa kwanza ni trauti wa upinde wa mvua, aitwaye hivyo kwa sababu ya mstari mwekundu ubavuni mwake. Wa pili ni kokani, naye ni jamaa ya samoni wa baharini, illa yeye huishi maisha yake yote katika maji matamu. Wa tatu, na ndiye mkubwa wao, ni trauti wa ziwa. Kwa ukoo huyu si trauti hasa, bali ni binamu yao. Ana madoa meupe juu ya mwili wa kijivu na mkia uliogawanyika kama panda. Mwaka 1988 alivuliwa mmoja katika bwawa hilo mwenye uzito wa zaidi ya ratili 51. Hebu fikiri, uzito wote huo katika ndoana moja.

SAMAKI HUFUATA UBARIDI

Kabla ya kueleza mishipi, hapana budi nieleze maji, maana asiyejua maji hawezi kujua kwa nini mvuvi hufanya hivi au vile.

Trauti wa ziwa hupenda maji yenye ubaridi wa digrii kama 10 za Sentigredi. Mwezi wa Mei, barafu ikiisha yeyuka, maji ya juu bado ni baridi, basi samaki huyu huweza kuonekana karibu na ukingo, hata katika kina cha futi 15 au 20. Lakini mwezi wa Agosti jua limekwisha pasha maji ya juu hadi digrii 20 au zaidi. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, basi hukaa juu kama mafuta katika sufuria, na ya baridi hubaki chini. Baina yao kuna tabaka nyembamba ambamo ubaridi hubadilika kwa ghafula. Mtu akiteremsha kipimajoto kwa uzi ataona digrii zikishuka kidogo kidogo, kisha, katika futi chache tu, zikaanguka sana.

Trauti wa ziwa hukaa chini ya tabaka hiyo, aghalabu futi 50 hadi 100, na pengine zaidi. Kokani na trauti wa upinde wa mvua hukaa juu zaidi, wakielea katikati ya maji na kuhamahama kufuata chakula, maana wao hula wadudu wadogo wa majini. Trauti wa ziwa mchanga hukaa karibu na sakafu ya bwawa, penye mgongo wa ardhi au mteremko, tena hukaa kwa makundi. Shikeni neno hilo. Mmoja huhama katikati ya maji, na mwingine hutulia karibu na sakafu. Ugomvi wote wa kukokota na kuchezesha umo katika neno hilo.

KUKOKOTA

Kukokota ni kupitisha chambo majini kwa mwendo wa mashua. Wavuvi wetu wa pwani wanajua jambo hilo tangu zamani, maana hufunga mshipi tezi wanapotweka tanga, wakategemea nguru au jodari. Tofauti ni mbili: jinsi ya kuzamisha chambo, na jinsi ya kupima mwendo.

Mshipi mwepesi ukivutwa nyuma ya mashua huelea juu. Ili uzame futi 60, wavuvi wa Flaming Gorge wana njia mbili. Ya kwanza ni mshipi wenye uzi wa risasi ndani yake. Mshipi huo hutiwa rangi mbalimbali, na kila rangi ina urefu wa yadi 10, hivyo mvuvi huhesabu rangi zilizotoka, akakisia kina. Mashua ikienda polepole mshipi huzama zaidi, ikienda mbio hupanda. Njia ya pili ni waya wenye risasi nzito ya ratili kama 10 mwishoni, unaoteremshwa kwa gurudumu ubavuni mwa mashua. Mshipi wa kuvulia hubanwa katika kibanio karibu na ile risasi. Samaki akiuma, mshipi huchomoka katika kibanio, na mvuvi hupigana na samaki peke yake bila ya mzigo ule wa risasi.

Mwendo nao ni jambo kubwa. Kwa kokani mashua huenda polepole, kama maili moja na nusu kwa saa, na kwa trauti wa ziwa maili mbili hivi. Mwaweza kucheka mkasema huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Lakini pigeni hesabu. Maili mbili kwa saa ni karibu futi 3 kwa kila sekunde. Samaki aliyetulia huona chambo kikipita mbele yake, naye ana sekunde mbili tatu tu za kuamua kama ni chakula au sivyo. Ukiongeza mwendo wamnyima hata nafasi hiyo.

Kuna siri moja ya kukokota ambayo nilifunzwa siku ya kwanza. Usiende moja kwa moja kama treni, bali pinda mara kwa mara. Mashua inapopinda, chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, na cha upande wa nje huongeza mwendo na kupanda. Kama samaki wanauma upande wa ndani, wanakuambia ya kuwa unakwenda mbio mno au chambo chako kiko juu mno. Kama wanauma upande wa nje, basi kaza mwendo kidogo.

Faida ya kukokota ni kwamba mvuvi hupeleleza maji mengi. Kwa saa nne, kwa maili mbili kila saa, chambo chake kimepita maili nane. Mwenye kukaa mahali pamoja hawezi kuyapata hayo. Wahenga walisema, mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hasara yake ni kwamba chambo hupita juu ya samaki wengi wasiotaka kufukuza kitu. Tena hugharimu mafuta, na mishipi mitatu minne ikisokotana wakati wa kupinda, asubuhi nzima hupotea katika kufungua mafundo.

KUCHEZESHA

Kuchezesha ni kinyume chake. Mashua husimama, ama huachwa ichukuliwe polepole na upepo, na chambo huteremshwa wima chini ya mashua hadi karibu na sakafu. Chambo chenyewe ni kipande cha mpira laini mfano wa dagaa mkubwa au ngisi mdogo, urefu wa inchi 3 hadi 5, aghalabu cheupe, chenye ndoana iliyosubiwa katika risasi. Wengine huongeza kipande kidogo cha nyama ya samaki ili kitoe harufu. Mshipi ufaao ni ule wa uzi uliosukwa, usionyumbuka, maana katika kina cha futi 80 mshipi unaonyumbuka humeza ile dalili ndogo ya samaki kabla haijafika mkononi.

Kazi ya mkono ni hii. Chambo kiguse sakafu. Kiinue futi moja au mbili, kisha kiache kishuke kwa mshipi uliokazwa kidogo. Kitulize. Kiinue tena. Samaki hauma kinapopanda, bali aghalabu huuma kinaposhuka, kwa sababu kwake kitu kinachoanguka hufanana na samaki mdogo aliyejeruhiwa. Dalili yake si kuvutwa kwa nguvu. Mara nyingine ni kudonolewa kidogo tu, na mara nyingine ni kwamba mshipi umelegea kabla ya wakati wake, kana kwamba sakafu imepanda juu. Mvuvi asiyekuwa makini hatajua kamwe kwamba ameumwa.

Siku hizi wavuvi wengi wa huko wana chombo kinachopima kina kwa mlio. Chombo hupeleka mlio chini, mlio hugonga sakafu au samaki na kurudi, nacho hupima muda uliopita. Sauti katika maji baridi hukimbia kama futi 4,700 kwa sekunde, hata mlio ukienda futi 80 na kurudi hutumia karibu sehemu moja tu katika thelathini ya sekunde. Samaki huonekana kama alama iliyopinda, na chambo chako huonekana kama mstari unaopanda na kushuka. Mara nyingi niliona alama ya samaki ikiondoka sakafuni, ikaujia ule mstari wa chambo, ikagusana nao, na papo hapo mkono wangu ukatikiswa.

Lakini msidanganyike. Mlio ule hutanuka kama mwanga wa kurunzi kadiri unavyokwenda chini. Kwa vyombo vingi vya kawaida, katika kina cha futi 80 duara linaloonekana lina upana wa karibu futi 30. Kwa hiyo samaki unayemwona katika kioo huenda yuko futi 15 pembeni, wala si chini ya miguu yako. Upepo ukisogeza mashua kidogo, umekwisha mwacha. Kwa sababu hii kuchezesha hutaka siku tulivu, au mwenzio ashike usukani vizuri.

Faida ya kuchezesha ni kwamba chambo hukaa mbele ya samaki si kwa sekunde tatu, bali kwa dakika nzima. Samaki mvivu huchokozwa hata akakasirika. Tena ni njia ya maskini na tajiri pia, maana hutaka ufito mmoja, mshipi mmoja na chambo cha senti chache. Wakati wa barafu ndiyo njia ya lazima, kwa kuwa huwezi kukokota kitu katika tundu la inchi 8. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: kama hapana samaki chini yako, unachezesha chambo kwa ajili ya mawe.

SIKU MOJA YA AGOSTI

Nitaeleza siku moja ili muone njia zote mbili zikifanya kazi. Mzee mmoja wa huko, fundi wa magari aliyestaafu, alinichukua katika mashua yake pamoja na rafiki yangu tuliyesoma naye. Tulitoka kabla ya jua. Mzee alisisitiza kila mtu avae koti la kuelea, akasema, "Adhuhuri upepo huingia katika genge hili kama maji katika bomba. Anayengoja mawimbi ndipo avae, amechelewa."

Kwanza tulikokota. Mshipi mmoja ulikuwa futi 40, mwingine futi 55, wa tatu futi 75. Kwa saa mbili tulipata kokani wawili katika mshipi wa futi 40 na trauti wa upinde wa mvua mmoja. Mshipi wa futi 75 haukuguswa. Rafiki yangu akaanza kunong'ona ya kwamba mshipi ule ni wa bure. Lakini Mzee alikuwa akitazama kioo kuliko mishipi. Tulipopita mbele ya rasi moja aliona alama nyingi zimelala karibu na sakafu, futi 85. Akapita tena. Zilikuwapo. Akapita mara ya tatu kutoka upande mwingine, zilikuwapo vile vile. Hapo akazima mashini, akasema, "Tumekwisha tafuta, sasa tuvue."

Tukaikunja mishipi ya kukokota, tukateremsha vile vyambo vyeupe. Katika saa moja tulipata trauti wa ziwa saba, wote wadogo, wa ratili mbili au tatu. Samaki wale wale tuliowapitia mara tatu kwa mshipi wa kukokota bila ya kuguswa, sasa waliuma kana kwamba hawajala kwa juma zima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi vijana wangu wa Kidato cha Tatu, jibu ndilo hilo. Swali la "ipi bora" halina jibu, kwa sababu si swali lenyewe. Swali lenyewe ni, je, najua samaki alipo? Kama hujui, kokota, maana unapeleleza. Kama wajua, simama uchezeshe. Kama samaki yuko katikati ya maji na anahama, kama kokani, mfuate kwa kukokota. Kama ametulia karibu na sakafu, mteremshie chambo. Kukiwa na upepo mwingi, kokota. Kukiwa shwari, chezesha. Wakati maji ya juu ni baridi na samaki wametawanyika kandokando, kokota karibu na ukingo. Wakati wa joto ambapo wamekusanyika chini, chezesha. Na asubuhi moja yaweza kutaka zote mbili.

JAMBO LILILOBAKI

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo lililobaki, nalo lanihusu mimi mwenyewe.

Yapata saa nne, mkono wangu ulitikiswa tena, lakini safari hii ufito ulipinda hadi majini na mshipi ukatoka bila ya kusimama. Nilipigana na samaki yule dakika ishirini. Alipofika juu, alitoa mapovu mengi kinywani. Mzee akafurahi kuyaona. Akaeleza ya kwamba trauti wa ziwa ana mfereji kutoka katika kibofu chake cha hewa hadi kooni, basi akipanda kutoka chini sana huweza kuicheua ile hewa, asivimbe. Samaki wengine hawana mfereji huo. Sangara wetu, anayeitwa mputa huko Uganda na mbuta Kenya, hana, ndiyo maana akitolewa kilindini kwa ghafula huja amevimba. "Kwa hiyo huyu aweza kurudi salama," alisema Mzee, "lakini fanya upesi. Adui yake si kina, bali ni haya maji ya moto ya juu."

Samaki alikuwa na urefu wa inchi 36. Nami nilitaka picha. Rafiki yangu akapiga moja, nikasema macho yangu yalifumba. Akapiga ya pili, nikataka ya tatu jua likiwa mbele. Kisha nikamtia samaki majini, nikamshika mkiani, nikamsukuma mbele na nyuma kama nilivyoagizwa. Akalala ubavu. Tulijaribu nusu saa. Hakuamka.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Huyo alikuwa na miaka ishirini, labda zaidi. Sheria inakuruhusu mmoja, basi huyo ndiye wako. Mchukue, umle wote, usitupe hata kipande." Nilimla, nami nakiri ya kwamba sikumfurahia.

Nimekuwa nikilifikiri jambo hilo tangu siku ile. Trauti wa ziwa hukua polepole sana. Mkubwa mmoja akifa, bwawa huchukua miaka ishirini kumrudisha. Kwa miaka mingi sheria ya huko imemruhusu mvuvi kuchukua mmoja tu kwa siku aliyezidi inchi 28. Lakini wale wadogo wa ratili mbili au tatu wamezidi kuwa wengi mno, nao hula kokani wachanga na kushindania chakula baina yao, hata wasikue. Kwa hiyo katika miaka ya karibuni wenye kutunza samaki wa Utah na Wyoming wamekuwa wakiwahimiza watu kuvua hao wadogo kwa wingi na kuwala. Hapo njia ya kuvua si mchezo tena. Anayechezesha chambo kidogo katika kundi la wachanga na kupeleka kitoweo nyumbani analisaidia bwawa. Anayemtoa mkubwa wa kilindini mwezi wa Agosti kwa ajili ya picha analidhuru, hata kama amemwachilia.

Na bwawa hilo limekwisha ona madhara ya binadamu. Mwezi wa Septemba 1962, kabla ya maji kujaa, wakuu walimwaga sumu katika mto, mamia ya maili, ili kuua samaki wenyeji walioitwa samaki bure, wapate kuwaweka trauti mahali pao. Leo baadhi ya samaki wenyeji wa mto huo wamekuwa adimu, nao hulindwa kwa sheria kali. Sisi nasi tunayo hadithi yetu. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 samaki wengi wadogo wa ziwa walikuwa wamepungua sana au kupotea. Sangara ameleta fedha na viwanda, hilo halikatiwi. Lakini mwenye kumwuliza mzee wa pwani ya ziwa lile atatajiwa majina ya samaki ambao wajukuu hawajapata kuwaona.

Basi, ndugu zangu, mkipata nafasi ya kuvua, iwe Marekani au katika mto wa nyumbani, jiulizeni maswali mawili kabla ya kutia ndoana majini. La kwanza, samaki yuko wapi? Hilo litawaambia kama mkokote au mchezeshe. La pili, yupi nitakayemchukua, na yupi nitakayemwacha? Hilo mlijibu mngali ufukoni, kwa maana samaki akiisha fika mikononi na rafiki ameshika kamera, akili huwa haipo.

Ile picha ya tatu ninayo hata leo. Jua li mbele, na macho yangu ni wazi kabisa. Siioni nzuri.

Nawatakieni masomo mema na likizo njema.

Mwanafunzi wa zamani